Sentimita Moja ya Kimo: Steroidi za Kuvuta kwa Watoto Wenye Pumu Burat

Hofu kwamba steroidi za kuvuta hufupisha watoto ina msingi. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 285 wa miaka 2 na 3 walioelekea kupata pumu. Waliovuta fluticasone, mojawapo ya steroidi hizo, kwa miaka 2 walipata nafuu ya kifua, ila kimo chao kiliongezeka kwa sentimita 1.1 pungufu ya wenzao. Mwaka mmoja baada ya kuiacha, pengo lilikuwa sentimita 0.7, na nafuu yenyewe haikudumu. Utafiti mwingine, wa 2012, ulionyesha kuwa waliotumia budesonide, steroidi nyingine ya kuvuta, utotoni walikuwa wafupi ukubwani kwa sentimita 1.2 kuliko wenzao wasioitumia. Mzazi anayeuliza habari hii anastahili jibu la kweli.

Ninachokataa ni kuifanya sentimita hiyo sababu ya kumnyima dawa mtoto wa Burat. Majaribio yale yaliwalinganisha watoto waliofuatiliwa kwa karibu na madaktari, waliotumia dawa na wasioitumia. Katika wadi hii ya Isiolo, Kenya, yenye vumbi la kiangazi na moshi wa kuni, asiyepewa dawa ya kinga husubiri abanwe ndipo akimbizwe hospitalini. Huko hupewa salbutamol ya kufungua kifua, na akizidiwa, prednisolone, steroidi ya kumeza. Prednisolone husambaa mwili mzima. Kozi zake zikirudiwarudiwa hudhuru mifupa na ukuaji kuliko dozi ndogo inayovutwa. Pumu isiyodhibitiwa nayo hudumaza. Tena hawa ni watoto ambao baadhi yao walizaliwa katika ukame wa 2020 hadi 2023, mifugo ikifa na maziwa yakiadimika. Anayeilaumu inhela kwa ufupi wao ana mengi ya kuchunguza kwanza.

Uchunguzi huo unahitaji vipimo vya kuaminika. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelazwa ubaoni; akishatimiza 2 husimamishwa, visigino vikigusa ubao, mama akimshika magoti. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, mtoto yuleyule akilala huzidi kimo chake cha kusimama kwa sentimita 0.7. Ndilo pengo lilelile lililobaki katika utafiti wa Marekani! Muuguzi asipoandika kama alimlaza au alimsimamisha, dawa inaweza kushtakiwa kwa kosa la ubao. Kupima uzito peke yake, kama ilivyozoeleka, hakutoshi: kimo kiandikwe kabla ya dozi ya kwanza, kisha kila miezi 3 hadi 6, na dozi ipunguzwe kila kifua kinapotulia.

Si kila mtoto ambaye kifua chake hulia apewe steroidi hizi. Wengi wa chini ya miaka 3 hubanwa kwa mafua tu, na huacha wakikua. Kwa anayebanwa mara kwa mara hata bila mafua, gharama ya chombo cha kuvutia dawa isiwe kisingizio cha kumpulizia vibaya: mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walithibitisha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuunganishwa vizuri na inhela, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani katika kumpa mtoto aliyebanwa dawa ya kufungua kifua.