Mbegu za Asili na Mbegu Chotara: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kupanda Mahindi

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, mkulima wa mahindi huamua iwapo atapanda mbegu aliyoihifadhi ghalani au atanunua mbegu mpya dukani. Uamuzi huo mara nyingi huelezwa kuwa ni mvutano kati ya asili na teknolojia. Hata hivyo, kila kundi la mbegu lina kanuni zake, na hasara humfika zaidi mkulima anayetumia kanuni za kundi moja kwa mbegu za kundi jingine.

Mbegu za asili

Hizi ni mbegu zilizochaguliwa na wakulima wenyewe, kizazi hadi kizazi, kutoka katika mazao yao. Zimezoea udongo, mvua na wadudu wa eneo husika, na huweza kuhifadhiwa na kupandwa tena. Penye mvua ya kutosha na mbolea, mavuno yake kwa kawaida huwa madogo kuliko ya mbegu chotara.

Mbegu chotara

Mbegu chotara hupatikana kwa kupandisha mistari miwili ya wazazi iliyoandaliwa na watafiti kwa vizazi kadhaa. Mistari hiyo hupandwa katika shamba moja, kisha mbelewele za mmea mama huondolewa kabla ya kumwaga chavua ili uchavushwe na mstari wa pili pekee. Kizazi cha kwanza huwa na nguvu, hulingana kwa kimo na hukomaa kwa wakati mmoja.

Punje za kizazi hicho zikipandwa tena, sifa za wazazi hutawanyika: mimea hutofautiana na mavuno hushuka. Hiyo ni kanuni ya urithi wa viumbe, na mbolea haiwezi kuibadilisha. Kwa sababu hiyo, mbegu chotara hununuliwa kila msimu. Ifahamike pia kwamba uchotara pekee haumaanishi mbegu imehamishiwa vinasaba maabara. Upandishaji wake hutumia chavua.

Mbegu bora za uchavushaji huria

Kundi hili, lenye aina kama Staha, TMV-1 na Situka, limeboreshwa na watafiti lakini huweza kurudiwa kwa takribani misimu mitatu. Kwa kuwa chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo, mbegu ya kuhifadhi ichaguliwe katikati ya shamba lililo mbali na mahindi ya aina nyingine.

Umuhimu wa kutunza aina zote

Mwaka 1970, ugonjwa wa ukungu wa majani uliangamiza takribani asilimia 15 ya mahindi nchini Marekani, kwa kuwa sehemu kubwa ya chotara zilizopandwa zilikuwa na urithi wa aina moja kwa upande wa mmea mama. Mashamba yanayofanana huugua kwa pamoja. Watafiti wanapotafuta ukinzani dhidi ya magonjwa au ukame, hurejea katika aina nyingi zilizohifadhiwa, zikiwemo za asili. Ndiyo maana Taifa lina kituo cha kuhifadhi nasaba za mimea mkoani Arusha. Aina ya asili ikipotea kijijini kabla ya kuhifadhiwa, hakuna duka litakaloirejesha.

Wakati wa kununua

Kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, ubora wa mbegu zinazouzwa nchini husimamiwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI). Wakulima wanashauriwa kununua kwa wauzaji waliosajiliwa, kukagua lebo ya TOSCI na tarehe ya mwisho ya matumizi, na kutunza stakabadhi pamoja na kifungashio hadi mavuno. Mbegu isipoota ipasavyo, vielelezo hivyo humwezesha afisa ugani kufuatilia chanzo chake.