Maji Kwenye Moyo: Jinsi Sindano Ilivyopata Macho

Pengine umewahi kusikia jirani akisema mgonjwa wao “ana maji kwenye moyo.” Moyo umefunikwa na mfuko mwembamba. Kifua kikuu, saratani au jeraha vinaweza kuujaza mfuko huo maji au damu. Yakizidi, moyo hubanwa ukakosa nafasi ya kupanuka. Mgonjwa hutweta, presha hushuka, na asipotolewa maji hayo upesi, hufa.

Mwaka 1840 Franz Schuh, daktari wa Vienna, aliyatoa kwa kudunga kifuani. Mwaka 1911 Mfaransa Antoine Marfan akapendekeza kupitia chini ya chembe cha moyo, na njia hiyo ikafundishwa miaka mingi. Lakini sindano ilikuwa kipofu. Ikikosea kidogo, ilitoboa moyo wenyewe, au pafu, au ini.

Macho yalitoka mahali usipotarajia: karakana ya meli! Huko Uswidi, mwaka 1953, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walijaribu mashine iliyotumiwa kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mashine hiyo hutuma sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha hupokea mwangwi wake. Walipoielekeza kifuani, mwangwi ulichezacheza pamoja na mapigo ya moyo. Mwaka 1965 Mmarekani Harvey Feigenbaum akaeleza jinsi ya kuyatambua maji hayo kwa altrasaundi.

Kuanzia 1979 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliitumia kuongoza sindano. Mwaka 2002 walitoa hesabu ya miaka 21: wagonjwa walidungwa mara 1,127, na mara 97 kati ya kila 100 walifaulu. Madhara makubwa hayakufika 2 kati ya 100.

Hapa tega sikio. Picha ilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi, mahali pazuri pa kudunga si chini ya chembe cha moyo. Ni kifuani, aghalabu upande wa kushoto, pale maji yalipo mengi na karibu na ngozi, bila kiungo kingine njiani. Vitabu vilikuwa vikikisia.

Siku hizi zipo mashine ndogo zinazoletwa hadi kitandani. Kwa hiyo ukiona mgonjwa wako amezidiwa, na daktari bado anampaka mafuta ya baridi kifuani huku akitazama kioo, usimhimize adunge haraka. Anapima maji yako umbali gani na sindano ipitie wapi.