Kipanya na Kipanga

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Mjomba ameuza shamba la minazi na kurudi Kaole na gari jeupe lenye nembo ya L. Kadi bado iko kwa dalali. Anasema iko TRA, inabadilishwa jina. Wakwe kutoka Maskati wanaingia kesho. Usiku huo naliosha gari, kitambaa kinanasa kwenye nembo ya nyuma, navuta, na nembo inabaki mkononi mwangu.

SASA ENDELEA...

Nilisimama nayo kama mtoto aliyevunja bakuli la mgeni. Kilichonishtua zaidi ni wepesi wake. Nilidhani ni chuma, kumbe plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na mgongoni imebandikwa utepe wa gundi wa pande mbili uliojaa mchanga wa pwani.

Nikawasha tochi ya simu, nikainama. Chini kidogo ya pale iliponyofoka, rangi nyeupe ilikuwa na kivuli cha herufi, kama ukutani palipotundikwa kalenda miaka mingi halafu ikaondolewa. Nikafuatisha kwa kidole. H. A. R. Kisha R nyingine.

Nikampigia Fundi.

"Shikamoo Fundi. Samahani kwa usiku."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nembo ya gari la Mjomba imebanduka."

Akanyamaza. Nilisikia chura wa kisimani kwetu, na chura wa kwake.

"Usiguse kitu," akasema. "Nakuja."

Alifika kwa bodaboda, kikoi kiunoni, bisibisi mfukoni. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana, pale gereji Bagamoyo mjini, na nimemwona akitambua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu likipita barabarani. Hakutazama nembo hata kidogo. Alifungua boneti, akapangusa vumbi kwenye kibati kilichobanwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini, akanipa simu nimmulikie.

"Soma."

"TOYOTA," nikasoma. Chini yake: "ACU30."

"Injini?"

"2AZ. Cc 2362."

Akafunga jicho moja. "Silinda nne. Lexus RX 330 ya umbo hili ina sita, lita 3.3, na namba yake ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Hili ni Harrier, kijana. Tako la nyani."

Samahani, msomaji, lakini ndivyo linavyoitwa mjini kwa sababu ya makalio yake, na anayelinunua hulitaja jina hilo bila haya. Tuna kipaji cha kuyabatiza magari. Neno shangingi lenyewe lilikuwa la mwanamke wa mjini anayejua kujipamba na kujionyesha. Leo ukilitamka watu wanageuka kutafuta gari la mkubwa serikalini.

Fundi akakaa kwenye bampa. Nikajua hotuba inakuja.

"Toyota ni watu wa kipanya," akaanza.

Kwa ambao hawakukiwahi, kipanya kilikuwa Hiace ya daladala. Abiria wa mwisho alisafiri amerukuu kutoka Mwenge hadi alikoshuka, na konda bado aliapa kwamba nafasi ipo. Kampuni iliyotubebea samaki kwa Hilux na wagonjwa kwa Corolla za teksi ndiyo hiyohiyo.

"Mwaka 1983 mkubwa wao, Eiji Toyoda, akawauliza watu wake kama wanaweza kutengeneza gari la kushindana na yaliyo bora kabisa duniani. Wakasema tunaweza. Na walikuwa na sababu. Tangu 1981 Marekani ilishawabana Wajapani kwa idadi ya magari ya kuingiza. Nahodha ukimwambia dau lake libebe magunia kumi tu, atapakia chumvi?"

"Atapakia karafuu."

"Basi. Shida ikawa jina. Tajiri mwenye Mercedes-Benz yake hawezi kusubiri zamu duka moja na mnunuzi wa Corolla. Wakatunga jina jipya, Lexus. Gari la kwanza, LS 400, likaonyeshwa Detroit Januari 1989, likajengewa na maduka yake peke yake. Baadaye wakaja kwenye mashangingi. Wakachukua Land Cruiser, hii ya 80 unayoijua, wakaivalisha kanzu, mwaka 1996 ikaitwa LX 450. Watu wakalipa."

"Na hili?"

"Hili lilitoka Japani Desemba 1997, kizazi cha kwanza. Kiunzi chake ni cha Camry, ndiyo maana halirushi rushi kama Land Cruiser. Limenyanyuliwa juu, ndani kama sebule. Mwaka uliofuata Wamarekani wakauziwa lilelile kwa jina la Lexus RX 300. Japani kwenyewe maduka ya Lexus hayakufunguliwa mpaka 2005, kwa hiyo Mjapani alinunua Toyota. Ila mbele hawakumwekea nembo ya Toyota." Akagonga shoo kwa bisibisi, pale palipokuwa na L ya pili. "Hapa palikaa ndege. Harrier ni ndege, jamii ya kipanga."

Nikacheka peke yangu. Kutoka kipanya hadi kipanga, herufi moja tu.

Fundi hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye boneti, safari hii anatazama namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe, si kwenye kibati. Akaipitishia ukucha.

"Mulika hapa. Hizi tarakimu mbili za mwisho. Mbona rangi yake mpya?"

Sikuwahi kujibu. Nyuma yetu mtu alikohoa.

"Mnatafuta nini ndani ya gari langu usiku huu?"

*

Mjomba alikuwa na msuli na fulana, fimbo mkononi. Nikamwonyesha nembo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumpoza: kwamba wadalali ni wadalali, kwamba hata wasomi wanaibiwa, kwamba kesho asubuhi tutampigia.

"Mjomba, umeuziwa Harrier."

"Najua."

Fundi akashusha boneti taratibu.

"Nimenunua Harrier kwa bei ya Harrier," Mjomba akasema. "Nembo nimenunua mwenyewe Kariakoo, mbili, kwa bei ya kilo mbili za kamba. Dalali kanibandikia bure. Ulidhani mimi mtoto?"

Akakaa barazani. Akatoa simu, akatuonyesha picha aliyotumiwa na mkwe: nyumba nyeupe ya Maskati, na mbele yake Lexus LX imejaa lango zima kama jahazi lililoingia kwenye kijito.

"Binti yangu anaingia nyumba hiyo. Nimpokee baba mkwe kwa bajaji?"

"Lakini bwana harusi mwenyewe anakuja na daladala ya Makumbusho," nikasema. Jambo hilo lilikuwa limetusumbua wote wiki nzima. Kijana ana kazi nzuri Dar es Salaam, babake ana gari kama lile, yeye anagombea siti na wachuuzi.

"Ya bwana harusi yana mwenyewe. Wewe umekulia kwenye yale magofu. Kwenye minara ya makaburi umeona nini?"

Nimeyaona tangu sijajua kusoma. Makaburi 22, msikiti wa karne ya 13, kisima ambacho wageni huonjeshwa maji yake, mbuyu unaozungukwa na watalii. Na kwenye minara, alama za duara.

"Palipokaa mabakuli ya Kichina," nikasema.

"Watu wale walikuwa na matumbawe yao na chokaa yao. Wafinyanzi walikuwepo. Kwa nini wapachike bakuli la China kwenye kaburi la mtu ambaye hali tena?" Akanyoosha mkono. "Lete nembo. Fundi, una gundi?"

Fundi alikuwa nayo. Akaibandika sawasawa, akaipangusa kwa kiganja, lakini alipokuwa anapanda bodaboda aliniita pembeni.

"Kadi ya hili gari umeiona kwa macho yako?"

"Bado iko TRA."

"Wiki ya ngapi?"

"Ya sita."

Akanitikisia kichwa, akaondoka bila kuaga. Fundi huyu huwa anaaga hata paka.

*

Saa nne asubuhi Noah ya kukodi iliyowaleta wakwe ikapata pancha, hatua mia mbili kutoka kwetu. Kwa hiyo baba mkwe wa Maskati aliingia Kaole kwa miguu, kanzu imeshikwa juu kidogo kukwepa vumbi, fimbo nyembamba kwapani, nyuma yake wanawake na mabegi. Vigelegele vilianza kabla hajafika, vikafifia, watu hawajui kama mtu wa pancha anapigiwa vigelegele.

Alimaliza salamu zote, za kwetu ndefu na za kwao ndefu zaidi. Kisha akaliendea gari. Mjomba akajikohoza.

Mkwe alizunguka mara moja, polepole. Akapapasa taa ya nyuma. Akainama kwenye nembo, akaitazama kwa karibu mno, na mimi nikaona kona ya chini ya L ile imeinuka upana wa ukucha. Joto la asubuhi limeila gundi.

Akaikandamiza kwa dole gumba. Ikakaa.

"Gari zuri, mkwe wangu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. Halafu, chini chini, kwa Mjomba na mimi: "Kule kwetu nyama hii hii tunauziwa na pilipili, inaitwa RX. Mimi nalipenda zaidi hili la ndege. Mwanangu alikuwa nalo."

Mjomba akapumua. Nilimwona mabega yakishuka. Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono kama watu waliokamatwa wakiiba embe shamba moja. Laiti mambo yangeishia hapo, hii simulizi ningeikatia kwenye pilau.

"Alikuwa nalo?" Mjomba akauliza. "Kaliuza?"

"Wamemwibia. Ramadhani iliyopita, watu wako msikitini. Kaona haya kukwambia, anasema mkwe atamwona mzembe." Akatazama barabarani. "Tuazime jeki, bwana. Dereva wa Noah hana hata ya dawa."

"Mpwa wangu, mpe jeki," Mjomba akasema. "Iko nyuma, chini."

Nikafungua buti. Nikanyanyua zulia, nikanyanyua ubao. Tairi la akiba lilikuwa mahali pake, na jeki ubavuni. Ila tairi lilikuwa limekaa upande, kama mtu aliyelalia kitu. Nikaingiza mkono chini yake nikagusa gazeti.

Lilikuwa furushi bapa, limezungushiwa mpira wa tyubu. Nikalivuta. Mpira ulikuwa mkavu, ukakatika.

Cha kwanza kudondoka ni ndege. Mdogo, wa duara, mabawa yamekunjuliwa, rangi ya fedha, mzito kuliko L zote mbili. Watoto wakamgombania. Cha pili na cha tatu vilidondoka pamoja na kugongana kwa mlio wa bati: vibao viwili vya njano vya namba. Vya D. Vilivyofungwa kwenye gari, mbele na nyuma, vilikuwa vya D pia, lakini hakuna tarakimu hata moja iliyofanana.

Mjomba alivitazama kama mtu anayeonyeshwa samaki asiyemjua. Naapa, msomaji, uso ule haukuwa wa mtu anayejua.

Mkwe hakusema neno. Aliokota kibao kimoja, akakifuta vumbi kwa mkono wa kanzu yake nyeupe, akakisoma. Akakisoma tena huku midomo ikicheza. Akatoa simu, akapekua picha zake muda mrefu kwa kidole kimoja, kisha akatugeuzia.

Kijana amesimama ameegemea gari jeupe. Kwenye pua ya gari yupo ndege. Chini ya ndege ipo namba, na namba ile ilikuwa mkononi mwa baba yake.

Vigelegele vikaanza upya kule barabarani. Karibu na mbuyu, bwana harusi alikuwa anashuka kwenye bodaboda.

ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Kabla ya siku hiyo, kama kadi ya gari lako bado iko kwa dalali, nyanyua zulia la buti utazame chini ya tairi la akiba.