Amana ya Ujiji: Kadi ya Zawadi ni Deni la Nani?

Maduka makubwa, hoteli na wafanyabiashara wa mtandaoni wamezoea kuuza kadi na hati za zawadi. Mnunuzi hulipa, tuseme, shilingi 100,000. Duka hupokea fedha siku hiyo hiyo, na anayezawadiwa hupewa kadi atakayoibadilisha kwa bidhaa baadaye. Nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo, huandikwa kwamba baada ya miezi kadhaa haitatumika tena. Siku hiyo ikipita, bidhaa haijatolewa, fedha haijarudishwa, na hakuna anayeitwa mwizi.

Swali linalozaliwa hapo ni la kale kuliko kadi zenyewe: katika kipindi kilicho kati ya kulipa na kupokea, mali ile ni ya nani? Wanasheria wana njia zao za kulijibu. Mimi ninayefundisha historia naomba, ndugu msomaji, twende Ujiji, mji ambao katika karne ya 19 ulikutana na swali hili mara mbili na kutoa majibu mawili tofauti.

Jibu la kwanza lilikuwa sokoni. Februari 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji na kuacha maelezo ya soko lake. Wavuvi, wauza mawese na wauza chumvi walipanga bei zao kwa shanga zilizoitwa sofi, ambazo kwa mtazamo wake zilifanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Soko lilipofunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Mtu mwenye shanga za aina nyingine alibadilisha kwao ili aweze kununua. Soko lilipofungwa, watu hao hao walizipokea sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa shanga nyingine. Walipata faida wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, kama wabadilisha fedha wa mahali popote.

Tuitazame biashara hiyo kwa makini. Mwenye kubadilisha alikuwa mfanyabiashara kamili na faida yake haikufichwa: ilikuwa katika kiwango cha kubadilishia, ambacho kila mtu alikiona kabla ya kukubali. Aliyetoa ahadi asubuhi alikuwa papo hapo soko lilipofungwa, akiwa na mifuko yake, tayari kuitimiza. Kadiri Cameron anavyotueleza, faida ilitokana na huduma ya kutoa na kupokea. Mbadilishaji hakuhitaji mteja asahau ndipo yeye apate.

Jibu la pili lilikuwa ghalani, na ni kisa cha aibu. David Livingstone aliondoka Ujiji Julai 1869 kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa. Akiwa huko, shehena yake iliyotumwa kutoka Zanzibar ilifika Ujiji chini ya uangalizi wa mtu anayemwita Sherifu. Oktoba 1871 Livingstone alirejea akiwa amedhoofika, akitarajia kukuta nguo na shanga za kumnunulia chakula na kulipa wapagazi. Hakukuta kitu. Kwa mujibu wa shajara yake, katika yadi 3,000 za nguo haukubaki hata wari mmoja, na katika ratili 700 za shanga haikubaki hata kete. Vyote vilikuwa vimeuzwa kwa pembe za ndovu. Alipouliza, alielezwa kwamba Sherifu alipiga ramli kwa kutumia Kurani, ramli ikasema kwamba mwenye mali amekufa.

Ni kweli kwamba kisa hiki tumekipata kutoka kwa mdai peke yake, na Sherifu hakuacha shajara. Lakini hoja ya utetezi aliyonukuliwa nayo inatosha kutufundisha. Sherifu hakudai kwamba mali ilikuwa yake tangu mwanzo. Alidai kwamba muda umepita, mwenyewe haonekani, kwa hiyo haki yake imekwisha. Na aliyetangaza kifo hicho ndiye aliyefaidika nacho.

Tofauti kati ya ramli ile na tarehe iliyochapishwa nyuma ya kadi ni ndogo kuliko tunavyodhani. Katika hali zote mbili, mtu anayeshika mali ya mwenzake ndiye anayepanga siku ambayo mwenzake atahesabiwa kuwa marehemu. Wazee wa pwani na wa Ujiji, mji ambao Uislamu umekita mizizi ndani yake, wana neno kwa mali iliyo katika hali hiyo: amana. Amana haigeuki kuwa ya mlinzi kwa sababu mwenyewe amechelewa safarini.

Sasa tuje kwetu. Watanzania wengi hawajawahi kushika kadi ya zawadi, lakini karibu kila mtu ameshika vocha. Katika msimu wa 2008/09 Serikali ilianzisha mpango wa vocha za pembejeo, na Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyohusika. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei ya mbolea na mbegu, na mkulima alijazia iliyobaki. Mpango huo uliwafikia wengi, lakini pia ulionyesha udhaifu wa ahadi ya karatasi: palipotokea ucheleweshaji, vocha ilifika wakati mvua imeshaanza, na palipokosekana uangalizi, mkulima alitia saini kwa pembejeo asizozipata. Vocha iliyofika baada ya kupanda ni kadi iliyokwisha muda kabla haijatumika.

Kisha kuna vifurushi vya simu. Mteja hulipa kabla, na salio hufutwa saa ya mwisho ikifika, hata kama hakulitumia. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitoa kanuni ndogo zilizolenga kumwezesha mteja kuendelea na salio lake akinunua kifurushi kingine kabla ya muda kuisha, na kumhamishia mtu mwingine sehemu ya kifurushi chake. Zilipoanza kutumika Aprili 2 mwaka huo, vifurushi vipya vilitoka na bei zilizoamsha kilio nchi nzima, na Serikali ikasitisha bei hizo. Mjadala wa bei ukaufunika mjadala wa haki, jambo ninaloliona kuwa hasara kwa umma. Linganisha na umeme wa LUKU: uniti ukishaziingiza katika mita hukaa mpaka uzitumie. Kulipa kabla, basi, hakulazimishi kupoteza.

Katika fedha za simu tumepiga hatua kubwa zaidi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huo huo zinataka fedha za wateja ziwekwe katika akaunti maalumu za amana, zikiwa zimetengwa na mali ya kampuni. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Tigo ilianza kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na akaunti hizo. Serikali imekwisha kukubali, basi, kwamba fedha iliyolipwa kabla ni amana. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo ngao kuu ya mlaji, inakataza upotoshaji na udanganyifu wa kibiashara bila kuweka muda wa chini wa uhai wa kadi ya zawadi.

Wengine wamelitatua. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika kwa kadi hizi mwaka 2010, inakataza kadi kuisha muda kabla ya miaka 5 na inabana makato ya kadi isiyotumika. Ireland iliweka miaka 5 na Australia miaka 3, zote mwaka 2019. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilikwenda mbali zaidi mwaka 2007 kwa kuondoa kabisa ukomo kwa kadi nyingi.

Wenye maduka wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema hawawezi kubeba madeni yasiyo na mwisho katika vitabu vyao, na kwamba bei za bidhaa hupanda. Lakini kadi imeandikwa kiasi cha shilingi. Bei ikipanda, anayepungukiwa ni mwenye kadi. Na mfanyabiashara amekaa na fedha hiyo bila riba tangu siku ya kwanza. Mkopo wa namna hiyo hakuna benki inayoutoa.

Ukomo mfupi, zaidi ya hayo, huwaumiza walio mbali. Mwaka juzi nilizawadiwa kadi ya duka moja la Dar es Salaam. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na duka hilo halina tawi huku. Nilipopata safari ya kikazi, muda ulikuwa umepita kwa siku 9. Mhudumu alikuwa mstaarabu, ila mashine yake ilikwisha kupiga ramli. Mimi nina mshahara. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga aliyetumiwa kadi na mwanawe aliyeko mjini atapoteza zaidi, na hatajua pa kulalamika.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, Tume ya Ushindani iandae kanuni ya kuzuia kadi na hati za zawadi kuisha kabla ya miaka 5. Pili, makato ya kutotumika yapigwe marufuku. Tatu, salio dogo linalobaki lirudishwe kwa fedha taslimu. Nne, fedha za kadi ambazo hazijatumika zitengwe katika akaunti ya amana, kama za simu, ili duka likifilisika wenye kadi wasisimame nyuma ya foleni ya wadai.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: rasimu ya kanuni hizo haihitaji kuanza na ukurasa mtupu, kwa kuwa kanuni za mwaka 2015 zimeshaweka msingi. Kwa wanafunzi na wanaharakati: anzeni kwa kukusanya kadi na vocha zilizokwisha muda katika mitaa yenu, mzijumlishe thamani, na mpeleke hesabu hiyo mahali inapostahili. Ujiji ya mwaka 1871 haikuwa na tume ya kumwuliza Sherifu nani alimpa mamlaka ya kutangaza kifo cha mwenye mali. Sisi tunayo, na kazi yake ni kuuliza.