Nani Alileta Tetemeko? Bukoba, Oklahoma na Kumbukumbu Tusizoziandika

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Kitovu cha tetemeko kilikuwa kaskazini mwa mji wa Bukoba, upande wa Nsunga wilayani Missenyi, na ukubwa wake ulikuwa 5.9. Mtikisiko ulisikika hapa Mwanza, ng'ambo ya ziwa, ukasikika pia Uganda na Rwanda. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha na zaidi ya 250 walijeruhiwa. Familia nyingi zililala nje kwa siku kadhaa zikiogopa kurudi chini ya kuta zilizopasuka. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa.

Juma moja kabla ya hapo, Jumamosi ya tarehe 3 Septemba, ardhi ilikuwa imetikisika karibu na mji mdogo wa Pawnee katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Ukubwa wa tetemeko hilo ulikuwa 5.8. Hakuna aliyekufa. Siku hiyohiyo mamlaka ya jimbo inayosimamia mafuta na gesi iliagiza visima 37 vya eneo hilo vifungwe.

Matetemeko mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, yaliyopishana kwa siku saba. Upande mmoja dola ilikimbilia visima, upande mwingine ilikimbilia mahema na rambirambi. Tofauti hiyo ina historia yake, na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kuijua sasa kuliko wakati mwingine wowote.

Tuanze na Oklahoma. Hadi mwaka 2008 jimbo hilo lilikuwa likipata wastani wa tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalikuwa takriban 900. Kilichobadilika katikati si umbile la dunia. Uchimbaji mpya wa mafuta ulikuwa ukitoa maji mengi ya chumvi pamoja na mafuta, na njia rahisi ya kuyaondoa ilikuwa kuyasukuma tena ardhini kupitia visima virefu, hadi kwenye tabaka la mwamba lililo juu kidogo ya miamba ya kale kabisa. Wengi hudhani lawama yote ni ya ule upasuaji wa miamba kwa maji yenye shinikizo. Kwa Oklahoma, sehemu kubwa ya matetemeko ilitokana na hatua ya baadaye, yaani utupaji wa maji machafu.

Maji yanawezaje kuitikisa dunia? Atembeaye Kirumba Mwaloni amewahi kuona mtumbwi uliokwama mchangani. Vijana wanne wanausukuma, hauendi. Wimbi likiingia chini yake, msukumo uleule wa vijana walewale unautelezesha. Maji hayakuleta nguvu ya kuusukuma. Yalipunguza uzito uliokuwa ukiubana chini. Ndivyo ilivyo kwa nyufa za kale zilizo ndani ya miamba. Zimebeba msukumo wa maelfu ya miaka, na kinachozizuia kuteleza ni msuguano unaotokana na kubanwa. Shinikizo la maji likipanda ndani ya ufa, mbano hulegea, na msukumo uliokuwepo siku zote hupata nafasi.

Hoja ya msingi ya fizikia hiyo iliandikwa mwaka 1959 na Wamarekani wawili, M. King Hubbert na William Rubey. Ushahidi ukaja bila kutarajiwa. Mwezi Machi 1962 jeshi la Marekani lilianza kusukuma majimaji taka ya kiwanda chake cha silaha za kemikali katika kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600, nje kidogo ya Denver. Baada ya majuma machache matetemeko madogo yakaanza. Mwaka 1965 mwanajiolojia David Evans alichukua orodha mbili, moja ya kiasi cha majimaji yaliyosukumwa kila mwezi na nyingine ya idadi ya matetemeko kila mwezi, akaziweka sambamba. Zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Februari 1966 jeshi likaacha kusukuma. Lakini ardhi haikutii amri papo hapo: matetemeko makubwa zaidi ya Denver, yaliyokaribia ukubwa wa 5, yalitokea mwaka 1967, wakati kisima kikiwa kimekwisha kunyamaza.

Katika kisa hiki kuna jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko fizikia yenyewe. Evans hakuwa na mamlaka yoyote juu ya jeshi. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu. Kulikuwa na mtu aliyeandika kiasi cha majimaji, na kulikuwa na vipimatetemeko vilivyoandika mitikisiko. Kama orodha moja kati ya hizo mbili isingekuwepo, mjadala wa Denver ungebaki kuwa ubishi wa barazani.

Sasa turudi Bukoba. Je, tetemeko la 2016 lilisababishwa na binadamu? Wanafunzi wangu wameniuliza swali hili mara kadhaa, na jibu ni hapana. Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria kina chake kuwa kilomita 40 hivi, wakati visima vya kusukumia maji huishia kilomita chache. Mafuta ya Ziwa Albert yaligunduliwa mwaka 2006, lakini mwaka 2016 hayakuwa yakizalishwa, na eneo lake lipo zaidi ya kilomita 200 kutoka Nsunga. Hakukuwa na kisima cha kulaumu. Kulikuwa na Bonde la Ufa la Magharibi, ambalo limekuwa likitikisika tangu kabla ya kuwepo nchi inayoitwa Tanzania. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini. Machi 1966 eneo la Toro, Uganda, lilipoteza watu zaidi ya 100.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa 2017, Rais John Magufuli alipowaambia wananchi wa Kagera kwamba si Serikali iliyoleta tetemeko, na kwamba haiwezi kumjengea kila mtu nyumba, sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ilikuwa sahihi kisayansi. Sehemu ya pili ni siasa, na iliwauma wengi, hasa kwa kuwa miezi michache kabla baadhi ya watendaji walikuwa wameondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya michango ya maafa. (Ihungo, kwa haki yake, ilijengwa upya, kwa msaada wa Serikali ya Uingereza.) Swali la nani aliruhusu nyumba za matofali zisizo na nondo wala mkanda wa zege katika ukanda unaojulikana kutikisika linabaki palepale, na hilo halihitaji vipimatetemeko kulijibu.

Nataka tubaki na ile sehemu ya kwanza ya kauli, kwa sababu inaweza kutumika tena na mtu ambaye haistahili kwake. Siku moja kampuni, au wizara, itasimama mbele ya watu wenye nyumba zilizopasuka na kusema: si sisi tulioleta tetemeko. Wananchi watajuaje kama ni kweli?

Tumekwisha kuonja ubishi wa namna hii. Katika mitaa inayopakana na migodi mikubwa ya dhahabu ya kanda yetu, wakazi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba baruti za mgodi zimepasua kuta zao. Kamati huja, hupiga picha, huondoka. Hakuna anayebisha kwamba ufa upo. Ubishi ni wa nani aliyeupasua, na unakuwa mgumu kumalizika kwa kuwa hakuna aliyeikagua nyumba na kuandika hali yake kabla ya mlipuko wa kwanza.

Katika nishati, hatua za kwanza zimekwisha kupigwa. Mradi wa Tilenga kando ya Ziwa Albert ulipangwa kuwa na visima zaidi ya 400, na sehemu kubwa yake ni vya kusukumia maji ardhini ili kulinda shinikizo la mafuta. Upande wetu, Serikali inatafuta jotoardhi Mbeya na Songwe, ambako miamba ni ya bonde lilelile la ufa, na maji yatokayo kwenye visima vya jotoardhi kwa kawaida hurudishwa chini. Wakenya wamekuwa wakizalisha umeme wa jotoardhi Olkaria tangu 1981, na si haki kumtisha msomaji: maji yanayorudishwa kujaza nafasi ya mafuta au mvuke uliotolewa huleta hatari ndogo kuliko maji yanayorundikwa tu kama Oklahoma, na mitikisiko mingi ya jotoardhi haisikiki kwa miguu ya mtu. Lakini hatari ndogo si sifuri. Mji wa Basel, Uswisi, ulitikiswa Desemba 2006 na mradi wa jotoardhi kwa ukubwa wa 3.4 tu, na mradi ukafa.

Kisa cha Pohang, Korea Kusini, ni kizito zaidi. Tarehe 15 Novemba 2017, takriban miezi miwili baada ya usukumaji wa maji kusimama kwenye mradi wa jotoardhi, tetemeko la ukubwa wa 5.5 liliharibu mji na kujeruhi watu wengi. Machi 2019 kamati iliyoundwa na serikali yenyewe ilikiri kwamba mradi ndio ulioliamsha. Wakazi walikwenda mahakamani, wakashinda mwaka 2023, kisha mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikatengua ushindi huo kwa maelezo kwamba uzembe haukuthibitishwa. Hata penye vipimo na penye ungamo la kisayansi, haki ilikwama. Sembuse pasipo na kipimo.

Wala si visima pekee. Bwawa la Kariba, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, lilianza kujazwa mwishoni mwa 1958. Septemba 1963, lilipokuwa limejaa, eneo lake lilipata matetemeko, kubwa zaidi likizidi ukubwa wa 6. Sisi tulianza kujaza bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji Desemba 2022.

Kinachohitajika si cha ajabu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ipewe fedha za kuweka mtandao mnene wa vipimatetemeko katika maeneo ya jotoardhi miaka kadhaa kabla ya kusukuma tone la kwanza, na takwimu zake ziwekwe wazi, si kwenye kabati Dodoma. Leseni imlazimu mwekezaji kutoa hadharani kiasi cha maji na shinikizo lake kila mwezi, ikisema pia ni mtikisiko wa ukubwa gani utakaomfanya asimame. Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma tathmini za athari kwa mazingira mnajua sura ya matetemeko inavyokuwa: aya mbili tatu kuhusu historia ya eneo, na hitimisho kwamba hatari ni ndogo. Rudisheni ripoti ya namna hiyo.

Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaingia Tanzania kupitia Missenyi, wilaya ileile iliyotikiswa mwaka 2016. Bomba husafirisha tu, halisukumi kitu ardhini, na halitaleta tetemeko. Lakini mafuta yatakayopita humo yatatoka chini kwa msaada wa maji yanayosukumwa ng'ambo ya mpaka, na takwimu za maji hayo ziko chini ya sheria za Uganda. Wathamini walipopita Missenyi walihesabu migomba, mibuni na nyumba, kila kitu kikaandikwa na kupigwa picha. Sijaona mahali ambapo mkataba wowote kati ya nchi zetu mbili unawapa wakazi hao haki ya kuiona orodha ya Evans.