Anwani ya ruta ya nyumbani

Anwani ya ruta ya nyumbani ni namba ambayo ruta ya waifai hujulikana kwayo na vifaa vya humo ndani: simu, kompyuta, runinga, printa. Ina sehemu nne zilizotengwa kwa nukta, na hakuna sehemu inayozidi 255. Ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.8.1, za TP-Link mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

Nyumba moja Nyamilangano, Ushetu, na nyingine Kahama mjini, mkoani Shinyanga, zinaweza kutumia namba ileile siku ileile bila kugongana. Namba zinazoanza na 192.168, zile za 10, na za 172.16 hadi 172.31, zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani tu, kwani mfumo mzima wa namba hizi za sehemu nne una takriban namba bilioni 4.3 na vifaa duniani ni vingi kuliko hapo. Ni kama kumwelekeza mgeni “nyumba ya pili kutoka kisimani”: kila kijiji kina yake. Namba zinazotambulika nje husimamiwa barani Afrika na AFRINIC, yenye makao Mauritius, na kampuni za simu huzipata huko.

Anayetaka kubadili mipangilio huunganisha simu au kompyuta na ruta, hufungua kivinjari na kuandika anwani hiyo pale pa kuandikia jina la tovuti. Nywila inayoombwa kwa kawaida imebandikwa chini ya ruta, na si lazima iwe ile ya waifai, ingawa watu huzichanganya kila siku. Ukibadili anwani ya ruta yenyewe, ukurasa hukatika papo hapo. Ruta haijafa, inasubiri uiite kwa namba mpya.

Sehemu yenye kazi zaidi ni DHCP, huduma inayogawa namba kwa vifaa. Chukua ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, zao linalolimwa sana Ushetu, yenye kompyuta mbili na printa moja. Umeme unakatika, unarudi, printa inapewa namba nyingine, huku kompyuta zikiendelea kutuma karatasi kwenye namba ya zamani. Printa husingiziwa ubovu. Dawa ni kuiwekea namba ya kudumu: ruta igawe namba zenye sehemu ya mwisho kuanzia 100 hadi 200, printa ikae kwenye 20.

Ruta ya pili ikichomekwa kwenye ya kwanza, nazo zote ni 192.168.1.1, intaneti hukwama. Moja ihamishiwe 192.168.2.1.

Kamera za duka ndizo huwasumbua wengi. Mwenye duka hufungua “mlango” (port) kwenye ruta ili aone picha akiwa safarini, asione kitu. Sababu ni kwamba kampuni za simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, zikiwapa namba za 100.64 hadi 100.127, zilizotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Mlango uliofunguliwa ni wa chumba. Geti liko kwa kampuni. Kupima ni rahisi: linganisha anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani zinakuambia. Zikitofautiana, tafuta kamera inayopitishia picha kwenye seva ya mtengenezaji wake, au omba kampuni ikupe anwani yako peke yako.