Mzunguko
Neno mzunguko, kutokana na kitenzi -zunguka, lina maana mbili zinazokutana kwenye mashine ndogo ya CNC, inayokata kwa amri za kompyuta: kuzunguka kwa mota, na njia ya umeme. Mafundi huiita ya pili saketi, na hufanya vyema, maana hitilafu ya kasi hutafutwa kote kuwili.

Katika Grbl 1.1, programu inayoendesha mashine hizo, amri M3 S5000 huagiza mizunguko 5,000 kwa dakika. Kikomo cha kasi ni mpangilio $30, ambao huja ukiwa 1000. Usiporekebishwa kwa mota ya mizunguko 10,000, S1000 na S5000 zote huiendesha kwa kasi yake yote, na plastiki huyeyuka badala ya kukatika. Mpangilio $32, wa leza, ukiachwa 1 ni hatari zaidi: mota hukatiwa umeme kichwa kinapohama bila kukata, kisha kisu huingia kwenye mbao kabla hakijashika kasi.

Mipangilio ikiwa sawa, hupimwa pini ya PWM, inayopeleka ishara ya kasi kwenye saketi ya mota. Nusu ya kasi hutoa wastani wa volti 2.5 hivi kati ya 5. Volti zikipanda na mota isibadilike, kasoro imo kwenye waya au saketi ya kuiendesha.